Kalamu ya TDS darasani: nunueni, lakini mjue inachopima

Mwalimu anayetafuta kifaa cha kufundishia maji safi na salama ataonyeshwa mapema sana kalamu ya TDS, yaani kipimo kidogo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Bei yake ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, na watoto huipenda kwa sababu namba hutokea papo hapo. Tunaipendekeza kwa shule za msingi za Tanga, hasa zilizo karibu na bahari, kwa sharti moja zito: mtoto asiondoke darasani akiamini kwamba namba ndogo ni maji salama.

Kalamu hii haioni vijidudu. Ina pini mbili za chuma kwenye ncha. Hupitisha umeme mdogo kati ya pini hizo, hupima jinsi maji yanavyoupitisha, halafu hukadiria miligramu za chumvi na madini yaliyoyeyuka katika lita moja. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye mavi ya ndege yanaweza kusoma 20 tu. Kisima kirefu kilichojengewa vizuri kinaweza kusoma 1,100, na kikawa hakina kijidudu hata kimoja. Mtoto akipewa namba hizo mbili bila maelezo, atachagua maji yatakayomharisha.

Kazi ambayo kalamu inaifanya vizuri sana ni kuonyesha bahari inavyoingia kisimani. Chota maji ya bahari, ya Raskazone yanatosha, kwenye chupa safi. Usiichovye kalamu humo moja kwa moja: kalamu nyingi huishia 9,990, na maji ya bahari yana takriban 35,000, kwa hiyo utaona alama ya kosa tu. Pima kwanza lita moja ya maji ya bomba. Mjini Tanga maji hayo hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Andikeni namba ubaoni. Ongeza vijiko viwili vya chai vya maji ya bahari (mililita 10), koroga, pima tena: namba itapanda kwa takriban 350. Mililita 30 zitaipandisha kwa zaidi ya 1,000. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji yaliyo chini ya 600 huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Yaani sehemu tatu za bahari katika mia zinatosha kuharibu kisima. Hapo watoto wataelewa kwa nini kisima cha pwani kinachovutwa kwa pampu kupita kiasi hugeuka chumvi, na kwa nini watu wa Maldives na wa pwani ya Bangladesh wamezungukwa na maji huku wakikosa ya kunywa.

Bangladesh hiyohiyo inafaa kuonyesha mwisho wa uwezo wa kalamu. Visima vya bomba vilichimbwa huko kwa wingi ili watu waache maji ya madimbwi yenye vijidudu, na miaka ya 1990 ikabainika kwamba vingi vina aseniki. Kikomo cha aseniki ni miligramu 0.01 kwa lita. Kalamu inayosoma 300 haiwezi kuitambua. Hapa kwetu floraidi ya Arusha, ambayo kikomo chake kwa mujibu wa Shirika hilo ni 1.5, hugeuza meno rangi ya kahawia, na kalamu haiioni.

Kwa hiyo ongezeni vichupa vya H2S, yaani vichupa vyenye dawa ya kupimia vijidudu vya kinyesi. Jaza maji hadi alama bila kugusa ndani ya kifuniko, funga, weka kabatini penye joto na giza kwa saa 24 hadi 48. Maji yakigeuka meusi, kuna dalili ya vijidudu vya kinyesi. Wekeni pia kichupa cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kiwe cha kulinganishia. Kinachokosewa mara nyingi ni maji ya ardhini yenye salfaidi ya asili: hugeuka meusi mara moja, bila kungoja, na hiyo si dalili ya vijidudu. Kichupa cheusi kisifunguliwe na watoto. Mwalimu atie dawa ya klorini kabla ya kumwaga, na ajiandae kwa harufu ya mayai viza.

Somo la dunia nzima, hata hivyo, linahitaji saa ya ukutani kuliko kifaa chochote. WHO na UNICEF huhesabu maji kuwa huduma ya msingi ikiwa chanzo kimekingwa na kwenda, kupanga foleni na kurudi havizidi dakika 30. Ili yahesabiwe kuwa yanasimamiwa kwa usalama, sharti yapatikane nyumbani, wakati yanapohitajika, bila kinyesi wala kemikali hatari. Mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na huduma hiyo ya juu, na kati yao milioni 703 hawakuwa hata na ile ya msingi. Kila mtoto aandike dakika za nyumbani kwao, kisha darasa lipange majibu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mtoto wa Handeni anayechota lamboni anaujua uzito huo vizuri kuliko kitabu chochote, na apewe nafasi ya kueleza.

Kuhusu utunzaji: maji yasipite mstari wa juu ya pini, maana yakifika kwenye betri kalamu imekwisha. Suuza pini kila baada ya kupima, la sivyo chumvi ya kipimo cha kwanza itaharibu cha pili. Kuhakikisha haidanganyi, yeyusha gramu moja ya chumvi katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri ya gari (si asidi, mwulize muuzaji mara mbili); isome karibu na 1,000. Maji hayo peke yake yasome karibu na sifuri. Hewa ya pwani hutia kutu haraka, hivyo toeni betri wakati wa likizo.

Darasa la watoto 60 linatoshwa na kalamu mbili na vichupa vinane. Fedha ikitosha kimoja tu, nunueni vichupa.