TAHADHARI: Muuza mashine za CNC aliyenipiga Mtwara amerudi na video ileile

Wadau wa Mtwara na Lindi, hasa mafundi seremala, wachora vibao na vijana wa Masasi, Newala na Tandahimba mnaosubiri hela ya korosho iingie: juzi mpwa wangu kanionyesha tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. "Mashine ya CNC ya nyumbani, inachonga mpingo, mota NEMA 23, spindo wati 500, leza wati 40, inakata mbao, ngozi na PVC. Mzigo upo, bei ya kutupa, wahi." (CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta; spindo ni mota inayozungusha biti, yaani kisu cha kuchongea; NEMA ni saizi ya mota za kuitembeza.) Namba ya simu ni nyingine, lakini maneno ni yaleyale na video ni ileile. Naijua kwa sababu mashine hiyo niliinunua mimi Aprili 2024, kwa shilingi 1,450,000.

Jina la mtu sitaliandika. Namba niliyotumia hela ilikuwa na jina la mwanamke, na nikiangalia sasa naamini ni bibi wa watu tu aliyeombwa kitambulisho chake akatoa. Nikimwanika humu nitakuwa nimemchafua asiyehusika, na tapeli atakuwa anacheka tu huko aliko. (Kwa hiyo hata wewe piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kukuta ya usiyemjua.)

Nianze na video, maana ndiyo inayowamaliza watu. Kuna mashine ndogo juu ya meza, biti inazunguka, inachonga sura ya shetani wa Kimakonde kwenye kipande cheusi tii. Kila biti inapopita inaacha mfereji mweupe. Mweupe! Mimi nimelelewa na mchonga vinyago, marehemu mjomba wangu. Mpingo una weupe kwa nje, chini ya gamba, lakini moyo wake ni wa giza mpaka ndani, na unga wake unakuganda kwenye jasho la mikono. Mjomba alikuwa akinionyesha vinyago vya kuuzia watalii vilivyopakwa kiwi: unalowesha kidole mate, unasugua, kidole kinatoka cheusi. Au unakidumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama, mti laini unaelea. Hayo nimeyajua tangu nina miaka saba, na bado nilituma laki saba ya kwanza kwa ajili ya video ya mti uliopakwa kiwi. Macho yalikuwa kwenye mashine, sikuuangalia mti.

Mzigo ulikuja. Hapo ndipo huyu anapotofautiana na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Yeye anatuma mashine kweli, na ukiiwasha inatembea, kwa hiyo unammalizia hela iliyobaki na roho inatulia. Utapeli wake unaanzia hapo.

Kilichokuja ni ile mashine ndogo inayojulikana kama 3018, yaani eneo la kazi ni milimita 300 kwa 180. Si mashine mbaya kwa kujifunzia, kwa mbao laini, plastiki na kuchora vibao. Ubaya ni kuiuza kama kitu kingine. Mpwa wangu, aliyesoma umeme VETA, aliishika adapta akaigeuza, akasoma kibandiko: volti 24, ampea 5. Akaniangalia. "Mjomba, ishirini na nne mara tano ni ngapi?" Mia na ishirini. Wati 120 ndiyo umeme wote unaoingia kwenye mashine nzima: mota tatu za kuitembeza, bodi na spindo. Wati 500 za spindo zinatoka wapi, kwenye mnazi? Spindo ilikuwa mota ya kawaida ya 775, ile ya duara yenye matundu ya hewa. Kwenye mpingo itakwaruza tabaka jembamba kama karatasi, na kisahani kimoja utakimaliza kesho asubuhi.

Halafu mota. Kila moja ilikuwa na kibandiko kinachong'aa kilichoandikwa NEMA 23. Nilichukua venia kalipa, kile kipimo cha milimita, nikapima uso wa mota: milimita 42. Hiyo ni NEMA 17. NEMA 23 uso wake ni kama milimita 57, huhitaji hata kipimo, unaiona kwa macho kuwa ni ngumi ya mtu mzima. Nikaweka ukucha kwenye kona ya kibandiko, kikabanduka taratibu kama gamba la kovu, chini yake kuna kibandiko cha zamani kilichofifia chenye namba nyingine kabisa. Nilikaa na kile kikaratasi kidoleni muda mrefu.

Nilimpigia. Akaniita bosi, akaniita mkuu, akasema kiwandani huwa wanachanganya vibandiko, kikubwa kazi. Nikakubali. Ndiyo, nilikubali, msinicheke, nilikuwa na oda ya vibao vya milango ya nyumba ya wageni pale Shangani na mteja ananisubiri.

Siku ya tisa mhimili wa X, ule wa kulia na kushoto, ukaanza kunguruma bila kutembea. Hapa nisomeni vizuri, maana hili litakuokolea hela hata kama hununui kwake. Nilipompigia aliniambia: "Iache ikiwa imewaka, chomoa waya wa mota ya X, uchomeke tena." Nikafanya. Ikanyamaza moja kwa moja. Baadaye nimejua kwamba kuchomoa mota huku bodi ina umeme ndiyo njia ya haraka ya kuua draiva, kile kibodi kidogo chenye bati la kupozea kinachoiendesha mota. Kama alikuwa hajui, ni kishoka. Kama alikuwa anajua, alijitengenezea kazi kwa simu.

Kipimo sahihi ni hiki: zima, chomoa kabisa ukutani, subiri kidogo, kisha badilishana nyaya za mota ya X na Y. Washa, jaribu zote mbili. Mota iliyokuwa imekufa ikifufuka kwenye tundu la Y, mota ni nzima na ugonjwa uko kwenye draiva ya X. Ikibaki imekufa hata kwenye Y, angalia mota au waya wake. Basi, hakuna uchawi. Kwenye bodi yangu draiva zilikuwa A4988 za kuchomeka, kuibadilisha moja ni kazi ya dakika na bei yake haifikii ya kuku wa kienyeji. Ila angalia usiigeuze wakati wa kuchomeka, itaungua palepale.

Mimi sikuyajua hayo, kwa hiyo akamtuma "fundi wake wa Lindi". Akaja kijana mpole, begi mgongoni, akanywa maji, akafungua kiboksi, wala hakutoa mita kupima chochote. Akachomoa bodi nzima akaikunja kwenye karatasi iliyofungiwa vitumbua. "Hii inakwenda Dar kufanyiwa programu." Gharama 120,000, na nauli ya mzigo 25,000. Kwa bahati mpwa wangu ni mtu wa mashaka. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ya mke wangu, pembeni ya tundu la USB, na kwenye simu yake alikuwa na picha ya kioo cha kompyuta siku tuliyoiwasha mara ya kwanza.

Bodi ikapotea. Mwezi wa tano mvua na kimbunga Hidaya vikakata barabara ya Dar kule Somanga, na hapo sikumlaumu, wote tulikwama. Lakini Julai mabasi ya Dar yanashusha abiria kila siku, mimi bado naambiwa "bosi, barabara, si unajua hali ya Somanga". Chumvi nayo ikatajwa: nilipolalamika kuwa shafti za nyuzi zina kutu, akasema ni upepo wa bahari wa Mtwara. Kutu ya miaka, kwenye mashine "mpya kwenye boksi" iliyokaa kwangu siku tisa!

Agosti bodi ikarudi. Tukaunganisha na kompyuta. Mashine hizi nyingi zinaendeshwa na programu ya bure iitwayo GRBL, na ukiziunganisha tu zinatoa mstari mmoja wa salamu wenye toleo lake. Picha ya Aprili ilisomeka Grbl 1.1h. Sasa ikasomeka Grbl 0.9j. Tukamuuliza, akajibu bila aibu, "hiyo ni apdeti." Mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini: apdeti gani inarudi nyuma? Toleo la 0.9 ni la zamani, halina hata ile seti ya $32 ya kuendeshea leza, kwa hiyo na leza niliyouziwa ikawa pambo. Tukageuza bodi chini ya taa ya simu kutafuta nukta nyekundu. Hakuna. Bodi yangu nzima, iliyokuwa na draiva moja tu mbovu, ilibaki huko, nami nikaletewa kanyaboya ya mtu mwingine. Bila shaka yangu ndiyo inayotembeza mashine ya mteja anayefuata, ili na yeye aone "inafanya kazi".

Akataka na 80,000 nyingine ya "kuseti vipimo", kwa sababu nilipoiamuru itembee milimita 100 ilitembea 31 na ushei. Hiyo pia msilipe. Ni hesabu: namba iliyopo kwenye seti ya hatua za mota kwa kila milimita, zidisha kwa ulichoamuru, gawanya kwa ilichotembea. Bodi ilikuwa na 250, namba ya kuanzia ya GRBL. 250 mara 100 gawanya kwa 31.25 unapata 800. Unaandika $100=800 kwa X, $101 kwa Y, $102 kwa Z, unapima tena kwa rula ya chuma. Tulimaliza kabla chai haijapoa.

Kuhusu lile neno PVC kwenye tangazo, hapo si hela tena, ni mapafu. PVC ikichomwa na leza inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayounguza koo na kifua na kula vyuma vya mashine yenyewe. Na "miwani ya kinga" aliyonitumia ni ya kuvaa ufukweni, haina maandishi yoyote ya urefu wa mawimbi inaozuia. Leza hizi za bluu hazina msamaha na jicho. Zile wati 40 nazo zisikudanganye, wauzaji wengi wanahesabu umeme unaoingia, mwanga unaotoka ni sehemu ndogo tu.

Ukitaka kununua kwa yeyote, achana na video ya kutumiwa. Piga simu ya video, mwambie aandike jina lako kwenye karatasi aibandike kwenye mashine, kisha achonge mraba wa milimita 100 kwa 100 ukiangalia, na kipande hicho hicho akupe konda wa basi. Pima pembe kwa pembe: zote mbili ziwe 141.4 au karibu kabisa. Zikitofautiana, mashine imekaa upande. Muulize adapta ina volti na ampea ngapi, uzidishe mwenyewe. Omba risiti ya EFD. Wangu alipoombwa risiti alisema mashine ya risiti iko kwa fundi, nami nikaona ni jambo la kawaida.

Nimefungua RB polisi, na namba zote mbili nimezituma 15040. Mashine ninayo bado, tumeifufua, inachora vibao vya mninga taratibu kama mzee anayesoma barua. Hasara yangu jumla ni 1,595,000, na oda ya Shangani ilikwenda kwa mtu mwingine.

Kama uko Lindi, Nachingwea, Ruangwa au popote na umenunua mashine ya aina hii kuanzia mwezi wa tano 2024, zima umeme, fungua kiboksi cha bodi, mulika pembeni ya tundu la USB. Ukikuta nukta ya rangi ya kucha nyekundu, bodi hiyo ni yangu. Sitaki unirudishie. Nipigie picha tu, uniambie uliletewa lini na nani, niiongeze kwenye jalada.