SMS Backup & Restore: risiti za miamala zisifutike na simu

Kwa muuza mitumba wa Kiborloni au mwenye duka la jumla pale Mbuyuni, Moshi, meseji ya M-Pesa ndiyo risiti. Ina namba ya muamala, tarehe, kiasi na salio. Shida ni kwamba zote hukaa chini ya mtumaji mmoja. Simu ikidai nafasi imekwisha, mtu akafuta mazungumzo hayo, risiti za miaka zimekwenda kwa mara moja. Na nafasi aliyoipata ni ndogo mno: meseji 10,000 za maandishi matupu kwa kawaida hazizidi MB 10. Kinachojaza simu ni picha na video.

SMS Backup & Restore ya kampuni ya SyncTech ni programu ya simu za Android inayonakili meseji na kumbukumbu za simu zilizopigwa kwenye faili la XML, yaani faili la maandishi linalosomeka. Ni ya bure, ina matangazo. Toleo la kulipia halina. Faili hukaa kwenye simu, Google Drive, Dropbox au OneDrive. Sababu ya kuipendekeza ni faili hilo lenyewe: unalifungua, unatafuta namba ya muamala, unalihamishia kwenye flashi. Nakala ya kawaida ya Google kwenye Android huwezi kuifungua usome meseji moja moja, na simu isipotumika siku 57 nakala hiyo inaweza kufutwa. Simu iliyokaa kwa fundi miezi miwili ikisubiri kioo imeshavuka hapo.

Kuiandaa ni dakika chache. Chagua meseji, chagua Google Drive, ruhusu akaunti yako, kisha panga inakili kila siku au kila wiki. Weka sharti la kupakia kwa Wi-Fi tu ili bando lisiliwe. Viambatisho vya MMS (meseji zenye picha) vizime kama unachotaka ni miamala: picha ikiingizwa ndani ya XML huvimba kwa takriban theluthi moja, na faili la MB chache linageuka la mamia.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ratiba ya kila siku huzaa faili jipya kila siku, na Google inatoa GB 15 tu za bure, ambazo barua pepe na picha nazo zinazila. Ingia kwenye mipangilio uwashe ufutaji wa nakala za zamani. Kubakiza za mwezi mmoja kunatosha. Kwenye Tecno, Infinix na Xiaomi kuna jambo la pili: mfumo wa kubana betri huua programu zinazofanya kazi chinichini, ratiba inakatika bila mtu kujua. Iondolee kizuizi cha betri, kisha baada ya siku mbili angalia tarehe ya faili la mwisho kule Drive. Usifute meseji yoyote kwenye simu kabla ya kulifungua faili hilo, kuona muamala wa karibuni umo, na kulihamishia kwenye flashi: nakala mpya hazitakuwa na meseji ulizofuta, na za zamani zitafutwa kule Drive.

Kurejesha kunahitaji uangalifu zaidi. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, ni programu kuu ya meseji pekee inayoruhusiwa kuandika kwenye hifadhi ya SMS, kwa hiyo hii itaomba ishike nafasi hiyo kwa muda. Meseji zinazoingia wakati huo zinaweza kupotea. Pakua faili kwenye simu kwanza, weka hali ya ndege, rejesha, rudisha programu yako ya kawaida kuwa kuu, ndipo uwashe mtandao. Meseji zilizokuwa njiani zitaingia zenyewe. Zilizopo tayari hairudii, kwa hiyo usiogope kurejesha mara mbili.

Mazungumzo ya WhatsApp haiyagusi, na kwa ya RCS (meseji zinazopitia intaneti ndani ya programu ya meseji) usiitegemee.

XML ya kawaida husomeka na yeyote atakayelipata faili: salio, namba za wateja, namba za siri za muda kutoka benki. Usilifungulie kwenye kompyuta ya steshenari pale mjini. Akaunti ya Google iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na ukimpelekea fundi simu ya kuflashiwa, nakili kwanza Drive, kisha futa faili lililobaki ndani ya simu.