Leica M6 baada ya kazi nyingi: kinachodumu na kinachochakaa

Leica M6, kamera ya filamu iliyoingia sokoni mwaka 1984, husifiwa kuwa haifi. Sifa hiyo ni kweli nusu, na anayetaka kununua iliyokwishatumika, kwa bei inayozidi ya bodaboda mpya, anastahili kuelezwa nusu iliyobaki. Ninaitumia kwenye harusi na kazi za mtaani, ambako inakutana na jasho, vumbi na msongamano wa daladala, kwa hiyo siizungumzii kama pambo la kabati.

Nguvu yake kubwa iko kwenye shata, ambayo ni pazia la kitambaa kilichopakwa mpira, linalofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye filamu, na linaloendeshwa na springi na gia. Betri inahudumia kipima mwanga tu. Ikiisha katikati ya sherehe, spidi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, zinaendelea kufanya kazi, nawe unakadiria mwanga kwa macho. Ukitaka kujua afya ya shata hiyo, iweke kwenye sekunde 1, bonyeza, kisha sikiliza: gia za spidi ndogo zinapaswa kuvuma kwa mlio ulio sawa mpaka pazia lifunge. Zikisitasita au kukwama, mara nyingi mafuta yameganda, na kamera inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa mafuta mapya.

Adui wa pazia lenyewe ni jua. Kwa kuwa kamera hii haina kioo cha kuakisi mbele ya shata, lenzi iliyoachwa wazi bila kifuniko na kuelekezwa juani hukusanya miale na inaweza kutoboa kitambaa. Mpiga picha wa Dar es Salaam asiiache mezani saa sita mchana lenzi ikitazama angani.

Kipimaumbali ndicho kinachohitaji uangalizi wa karibu zaidi. Ndani ya kidirisha unaona taswira mbili za kitu kimoja, na unazikutanisha kwa kuzungusha lenzi ili picha isitoke na ukungu. Kamera ikipigwa na kishindo, taswira hizo zinaweza kupishana juu na chini, au zikakataa kukutana unapolenga kitu kilicho mbali sana. Marekebisho yake ni madogo: skrubu ya wima imefichwa nyuma ya ile nukta nyekundu ya mbele, na ya mlalo hufikiwa kupitia mdomo wa kamera panapofungwa lenzi, penye gurudumu dogo linalogusana na lenzi. Kwa fundi mwenye subira ni kazi nyepesi. Asiye na subira asiruhusiwe hata kuishika bisibisi.

Udhaifu ambao hauna tiba rahisi ni kifuniko cha juu. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na kifuniko cha shaba ya manjano, ilhali M6 ilipewa cha zinki. Rangi ikichubuka hutokeza kijivu, na hilo si neno. Tatizo ni vivimbe vidogo vinavyojitokeza chini ya rangi zinki inapoanza kuliwa. Havizuii kupiga picha, lakini havifutiki, na hushusha bei. Toleo la M6 la mwaka 2022 limerudi kwenye shaba ya manjano, uamuzi ambao naona ulichelewa.

Kuna pia saketi ya kipima mwanga, ambayo fundi hawezi kuichonga upya kama anavyoweza kurekebisha springi. Mishale myekundu inayoonyesha kipimo ndani ya kidirisha ikikataa kuwaka hata kwa betri mpya, safisha kwanza vituo vya betri. Isiposaidia, unabaki na kamera inayofanya kazi kama M4 ya mwaka 1967, ambayo haikuwa na kipima mwanga kabisa na bado inapiga picha nzuri.

Nikipewa nichague kati ya M6 iliyochubuka kila kona lakini ina risiti ya fundi ya karibuni, na inayong'aa iliyolala kabatini tangu miaka ya 1990, nitachukua ya kwanza. Ya pili huenda ikadai gharama ya kufunguliwa na kupakwa mafuta kabla haijaaminiwa kazini.