TAHADHARI: Fundi wa hita za bafuni kaniliza mchana kweupe

Assalaam alaykum. Wiki tatu nimekaa na jambo hili, hasira zimenijaa na haya zimenishika, sikutaka kulisema. Lakini jana jirani yangu kapiga hodi anataka namba ya "yule fundi wako wa hita". Nikaona nikinyamaza na mie nimeshakuwa mshirika wake.

Mnaonijua, habari ya miguu ya mama yangu, bi mkubwa, inavyomfa ganzi mnaijua, na ya binti yangu kuja kujifungulia kwangu mnaijua. Kwa hiyo asije mtu akaniuliza maji ya moto ya nini Unguja. Kipupwe hichi, mzazi yumo ndani ya arobaini, bafuni maji yanatoka vuguvugu kama mate! Hapo nyuma yalikuwa yakiunguza mpaka unayazimua.

Fundi nilipewa na mtu wa dukani, Mwanakwerekwe huko, duka silitaji, kwanza ngojeni. Kaja Alhamisi baada ya adhuhuri, kanzu kaivua mlangoni kaitundika vizuri, ndani ana fulana ya kazi. Nikamletea juisi ya ukwaju, akasema, "Mama, nimefunga." Sunna ya Alhamisi! Nyinyi mngemshuku mtu kama huyo? Ilipoadhiniwa alasiri akauliza kibla kiko wapi. Nikamtandikia mswala wa marehemu. Kila nikiukumbuka mswala ule nataka kulia.

Basi akapanda ngazi, mie nimeshika tochi. Kabla hajapanda kazima swichi, "kwa usalama". Akafungua kifuniko cha chini cha hita, akagusisha testa ya umeme kwenye waya, kitaa hakikuwaka. "Unaona mama? Themostati, hii inayoongoza joto, imekufa." Nikaitikia, naona. Swichi kaizima mwenyewe, hicho kitaa kingewaka kwa umeme wa wapi? Mtu mzima mie, na skuli nimesoma, naitikia naona!

Halafu akanituma ndoo. Kurudi namkuta ameshika elementi, ile koili inayopasha maji, nyeusi, imeganda chokaa kama ukoko wa wali, imepasuka katikati. "Hii ndo iliyokuwa ndani." Akanisomesha: maji ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, yakichemka ile chokaa inaganda kwenye elementi, inachelewa kupasha, unakula yuniti za umeme za Tukuza bure, mwisho inaungua. Na hayo ni kweli! Birika langu la chai lina ukoko huo huo, ndo maana nikazidi kumwamini. Anachanganya kweli na uongo kama mchele na pumba.

Sasa sikilizeni. Hita ile ni ya lita 50. Elementi yake huichomoi mpaka umwage maji yaliyomo, yakutoke yote. Na sakafu ya bafu langu ilikuwa kavu. Nimesimama juu yake na soksi! Ndoo niliyoileta haikuingia hata tone. Elementi ile kaja nayo mkobani, na mungu wake anajua kashaionesha kwa wajinga wangapi kabla yangu.

Hita mpya akasema 400,000, ya kwangu ataichukua "chuma chakavu" kwa 80,000, niongeze 320,000. Nikazitoa pesa zangu za mchezo. Mie ndo niliyemsaidia kuiteremsha hita yangu. Mie ndo niliyempa kamba ya kuifungia kwenye vespa.

Magharibi karudi na mpya. Boksi jipya kweli, lakini bomba lilipofunguliwa yakatoka maji ya kutu na vipande vyeupe vya chokaa. "Uchafu wa kiwandani huo, mama." Kiwanda gani hicho kinachochemshia maji ya Unguja? Nikacheka naye. Na maji yenyewe vuguvugu vile vile! "Inazoea." Siku ya pili, inazoea. Siku ya tatu simu haipokei.

Siku ya nne bi mkubwa katoka bafuni anasema bomba linamtekenya. Tukadhani ganzi zake. Shemegi kaja kutoka Wete, Pemba, kumtazama mtoto, akalifungua lile dude: waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa na kukunjwa nyuma. Mama yangu wa miaka 70 na ushei anaoga umeme! Hapa ndo nasema mtu yule afungwe. Simwachii hili kwa 320,000, hata azirudishe na nyongeza. Apelekwe Chuo cha Mafunzo, jela yetu, akaogeshwe maji ya baridi alfajiri mpaka kipupwe kiishe, kisha atembezwe sokoni Darajani na hita kichwani.

Mnajua ubovu ulikuwa nini? Shemegi kanishika mkono akaugusisha kwenye bomba linalotoka hita, likaniunguza. Maji ya moto yapo, yanapoa njiani. Akafunga koki inayopeleka maji kwenye hita, akafungua upande wa moto wa shawa. Ilitakiwa yakatike, yakaendelea kumwagika, ya baridi. Akaenda moja kwa moja kwenye mpira wa kutawazia. Mpira ule tumeuweka kwa ajili ya mzazi, una miksa yake ya kuchanganya moto na baridi, na sote tukimaliza tunaachia kile kidude cha mkononi tu, miksa tunaiacha wazi, moto na baridi. Baridi inapita humo inaingia bomba la moto. Akaifunga miksa, akarudisha koki. Dakika mbili tu maji yakatoka mvuke. Bure. Hita yangu ilikuwa nzima.

Kwa sheha wa mtaa wetu nimekwenda, kataka risiti. Risiti ni karatasi ya daftari, haina jina la duka. Dukani wanasema fundi hawamjui, na walionipa namba ni wao! Haya, na wao wafungiwe.

Kwa hiyo akija kwako: asichomoe kitu bila ya wewe kuona maji yanamwagika, na testa aigusishe kwenye waya swichi ikiwa imewashwa. Hita anayokuuzia ubavuni haina kibati cha namba, kimebanduliwa, gundi imebaki.

Na kama kuna aliyeuziwa ya lita 50, ina mbonyeo ubavu wa kulia, na kipepeo cha karatasi alichokibandika mjukuu wangu mkubwa, hata ikipakwa rangi ukipapasa utakihisi, basi hiyo ni nzima. Na ni yangu.