Kiopoo cha kuunga cha Kariakoo: bomba zuri, maungio ya kitapeli

Jamani niseme tu maana nimekaa nalo rohoni tangu msimu wa maembe, na kila nikipita karibu na lile duka Kariakoo damu inachemka upya. Nilinunua kile kiopoo cha alminiamu cha vipande vitatu, unaviunga kinakuwa kirefu, juu kina pete yenye meno na kimfuko cha wavu, embe ukishalivuta linaingia humo halidondoki chini likapasuka. Elfu hamsini na kitu nilitoa bila kulialia kwa sababu mwembe wangu hapa Kimara umepanda juu sana, dodo zote za maana ziko kileleni, na vijana wa kupanda siku hizi wanataka nusu ya maembe na matawi wanakuvunjia juu yake.

Shida ni maungio. Mengine yote sina neno nayo, sijui rangi sijui mshikio, achana navyo. Kipande kinaingia ndani ya mwenzake kiasi cha vidole vitatu hivi, basi, halafu kinashikiliwa na kile kitufe cha springi kinachochomoza kwenye tundu. Ukiunga viwili hauoni tatizo. Weka cha tatu sasa, bomba linaanza kucheza kwenye kila kiungo, huku chini umesogeza mkono kidogo tu kule juu pete imeshahama tawi, unalilenga embe hili unapiga lile. Na hapo bado hujavuta. Dodo lililokomaa ambalo halijaiva vizuri haliachii kikonyo kirahisi, lazima uvute kweli, na ukivuta uzito wote unakwenda kwenye kale kakitufe kamoja.

Basi siku hiyo nimelinasa moja, kubwa, limeanza wekundu ubavuni, nikavuta, nikasikia tak! Nimebaki na vipande viwili mkononi, cha juu kinaning'inia kwenye tawi na wavu wake na embe langu ndani. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Tulipokitoa (tena kwa miti miwili ya mwanzi ya mzee wa nyumba ya pili, hiyo nitaisema) nikakuta lile tundu la duara limevutika limekuwa refu, alminiamu yenyewe laini nyembamba, na kitufe kimezama ndani hakitoki tena.

Nikakirudisha dukani. Yule kijana wa kaunta hata macho hakuyainua kwenye simu. Namwambia kaka hii imeachia kwenye maungio, siku ya kwanza kuunga vyote vitatu, ananijibu "mama umevuta kwa nguvu." Nikamuuliza sasa kiopoo kama sio cha kuvuta ni cha nini, cha kupungia wageni? Akanyoosha kidole ukutani, kuna karatasi, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sawa, nipe na risiti ya EFD basi, ile ya mashine ya kodi, maana hii uliyonipa umeandika kwa peni, kimya. Halafu nageuka natoka namsikia anamwambia mwenzake eti hawa wa maembe wanasumbua. Hawa wa maembe! Yaani mimi na hela yangu nimekuwa hawa wa maembe. Najua Tume ya Ushindani ipo, FCC, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamtaja mlaji, na sidhani kama karatasi ya kubandika na selotepu inaizidi sheria, ila nani ana nguvu ya kufukuzana na ofisi kwa ajili ya kitufe.

Nikataka kukiacha pale pale barabarani. Ila nilikuwa natembea kuelekea kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani, nikampitia fundi mmoja wa kuchomelea, akakigeuza geuza akasema dada bomba halina ubaya, aliyetengeneza kabania kwenye kiungo. Kuchomelea akakataa, mashine yake ya umeme na zile fimbo za kawaida haziwezi alminiamu, itayeyuka tu itoboke. Akachukua bomba jembamba la chuma linaloingia ndani bila kulegea, akakata kipande kirefu kama kiganja mpaka kiwiko, nusu huku nusu kule. Upande mmoja akapiga ribiti kikae moja kwa moja, upande wa pili akatoboa na drili bolti ipite bomba zima itokee ng'ambo, na nati yenye masikio unaifunga kwa vidole. Akasema nipake grisi kila msimu maana chuma na alminiamu vikikaa pamoja kwenye hewa yetu hii ya chumvi vinalana, baadaye hutakichomoa hata kwa nyundo.

Na ndiye alinionya kuhusu waya za umeme, kwamba alminiamu ndefu hivi ikigusa waya unaopita juu ya mti wewe ndiye earthi. Dukani hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa kiopoo? Ni kitamu! Nasema ukweli, naunga vyote vitatu nasimama chini najichagulia, hakichezi, kizito kiasi lakini mkono unazoea. Kwa hiyo ningesema nunueni, mpelekee fundi, umemaliza. Halafu nikikumbuka hela ya fundi juu ya ile hela ya duka naona hapana, msinunue, maana yule mzee jirani kaunga mianzi yake miwili bure, kailaza mmoja juu ya mwenzake karibu urefu wa mkono, kazungusha mpira wa ndani wa baiskeli ameuvuta kwa nguvu kila mzunguko, na haujawahi kumwachia. Tatizo mwanzi wake huwezi kuufungua ukauingiza stoo, unalala nje ukutani mvua inaunyeshea.

Ukiamua kwenda nenda, ila kiunge chote palepale dukani, toka nacho mlangoni, mwambie muuzaji ashike ncha avute na wewe uvute. Akisema utaungia nyumbani, rudisha hela mfukoni.