Dola 25 na dirisha namba tatu: uzoefu wangu na chuo kikuu cha ruzuku ya ardhi Marekani

Jina la chuo silitaji. Ni kile chuo kikuu cha jimbo, huku katikati ya Marekani kwenye mashamba ya mahindi, kina zizi la ng'ombe upande huu na maabara za kila aina upande ule. Idadi ya wanafunzi na sifa zake za kitaaluma mtazitafuta wenyewe. Mimi nataka kusema habari ya dirisha namba tatu.

Ulikuwa muhula wangu wa pili, theluji bado imetanda. Ufadhili wangu haukugusa bima ya afya na ada ndogondogo, kwa hiyo ndugu walichanga Morogoro, mama mdogo akapeleka benki. Njiani benki ya kati ikakata chake, pesa ikafika pungufu dola 25. Sikujua. Naingia kwenye akaunti yangu ya chuo nisajili masomo, nakuta nimezuiwa. Na mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, asiposajili masomo kwa kiwango kamili anapoteza uhalali wa kuwepo nchini. Kwa dola 25, nilikuwa naangalia safari ya kurudi nyumbani.

Nikaenda ofisi ya malipo, nikapanga foleni dirisha namba tatu karibu saa nzima. Yule mama wa dirishani akashika kitambulisho changu kwa ncha za vidole, akalitazama jina, akasema, "Hilo sitajaribu hata kulitamka." Ni jina la bibi yangu. Nikameza mate, nikaeleza, nikaweka kaunta noti mbili, ya ishirini na ya tano, pamoja na risiti ya benki. Risiti hakuisoma. Akasema taslimu hawapokei, akazisukuma zile noti kwa kalamu mpaka zikaanguka sakafuni upande wangu. Nikainama nikaziokota, watu nyuma wananitazama. Nikalipa kwa simu pale pale, nikamwonyesha. Akasema zuio litatoka lenyewe baada ya siku tatu za kazi. Usajili ulikuwa unafungwa kesho yake! Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Ungejifunza utaratibu wetu kabla hujaja," akashusha pazia. Saa kumi na nusu jioni.

Nageuka, ukutani kuna kibao cha shaba kimeandikwa mwaka 1862. Hapo ndipo damu ilipochemka, maana historia hiyo naijua. Justin Morrill, mbunge kutoka Vermont, mtoto wa mhunzi, ambaye mwenyewe hakusoma chuo, ndiye aliyesukuma sheria iliyozaa vyuo hivi vya ruzuku ya ardhi. Rais Lincoln akaitia saini Julai 1862. Kila jimbo likapewa ekari 30,000 kwa kila mwakilishi na seneta wake, liuze, pesa ijenge chuo cha kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kazi za mikono. Ardhi yenyewe, zaidi ya ekari milioni 10, ilitoka mikononi mwa mataifa ya wenyeji wa asili, kwa mikataba ya kulazimishwa na kwa unyang'anyi wa wazi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kabichi wa Mgeta. Chuo kilichojengwa kwa ardhi ya watu, kwa ajili ya watoto wa wakulima, kinanidhalilisha kwa dola 25! Usiku ule niliandika maoni ya nyota moja, na moja yenyewe niliona nyingi.

Sikuyatuma, kwa sababu asubuhi nilikuwa na zamu maabara ya udongo. Akaingia mzee mkulima, buti zimejaa tope, kabeba udongo kwenye ndoo. Fundi wetu wa maabara akaacha alichokuwa akifanya, akamwita kwa jina, akamvutia kiti. Akamwaga udongo kwenye karatasi, akaupikicha kwa vidole, wakakaa karibu nusu saa wakizungumza kuhusu chokaa, kwa nini kona moja ya shamba inaunguza mahindi na nyingine haina shida. Huo ndio ugani waliouwekea sheria mwaka 1914, elimu ya chuo imfikie mkulima kwenye kaunti yake. Kwetu bwana shamba tulimwona mara moja kwa msimu, na pikipiki yake mara nyingi haina mafuta. Nilitazama vile vidole kwenye udongo nikalia. Baba yangu hajawahi kusikilizwa hivyo na msomi yeyote.

Fundi akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akavaa koti, akanisindikiza mpaka ofisi ile ile, akaomba kuonana na msimamizi. Dakika kumi. Zuio likaondolewa, nikasajili nikiwa nimesimama kwenye korido.

Nilipofika bwenini nilishabadili, nyota nne. Chuo chenye mtu kama yule, nikasema, nitawezaje kukisema vibaya? Halafu nikaketi, nikafikiri. Kwa hiyo zilikuwa dakika kumi! Siku tatu za kazi zilikuwa za nini? Risiti ilikuwa ile ile, maelezo yale yale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kando yangu alisimama mwenyeji wao. Asiye na fundi wa kumsindikiza anafanyaje? Nikafuta nne, nikaweka mbili.

Nazo haziniridhishi. Msimu uliopita baba alichukua udongo nilivyomwelekeza kwa simu, sampuli kumi na tano za shamba zima akazichanganya kwenye ndoo safi, akaupeleka maabara ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, kisha akanisomea majibu neno kwa neno. Mengi ya niliyomwelekeza nilijifunzia kwa yule fundi. Wekeni mbili, au nne, mimi nimeshindwa kuamua. Dirisha namba tatu sijalisamehe.

Mnaokuja huku: mkituma pesa, mwambieni karani wa benki kwamba makato yote, hata ya benki za njiani, atabeba mtumaji. Na mkifika kaunta mkajibiwa vibaya, msibishane na aliye dirishani. Ombeni msimamizi hapo hapo, kabla ya saa kumi.