Uzoefu wangu na ureteroskopu za Ch 6/7,5 na Ch 8/9,8 kwa mawe ya ureta

Hapa Lubumbashi, anayenunua ureteroskopu (bomba jembamba la kutazamia linaloingizwa kwenye ureta, yaani njia ya mkojo kutoka figo hadi kibofu) mara nyingi hununua moja tu, na hutazama namba moja tu, ile ya ncha. Mimi natumia mbili, zote nusu-ngumu, zote za kiwanda kimoja ambacho sitakitaja kwa sababu suala hapa ni ukubwa, si jina. Kama pesa zinatosha moja, chukua nyembamba. Lakini ujue mapema itakachokunyima: maji.

Charrière (Ch) moja, kipimo cha unene, ni theluthi ya milimita. Kwa hiyo Ch 6/7,5 ina ncha ya mm 2 na shina la mm 2,5. Ch 8/9,8 ina ncha ya mm 2,7 hivi na shina linalokaribia mm 3,3. Ureta ya mtu mzima ina uwazi wa mm 3 hadi 4 kwa kawaida, ila inabana mahali patatu: inapoanzia kwenye figo, inapopita juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na inapopenya ukuta wa kibofu. Pa mwisho hapo ndipo pembamba kuliko pote, na ndipo mlango wetu wa kuingilia.

Muuzaji atakusifia ncha. Wewe ogopa shina. Kifaa hiki kinanenepa kadiri unavyorudi nyuma, kwa hiyo ncha ikifika ureta ya juu, kinachokaa kwenye ukuta wa kibofu ni sehemu nene. Mbele unaona njia nyeupe, iko wazi, unaendelea kupanda. Nyuma, ambako huoni, shina limeshakamatwa. Akitokea mtu wa kuvuta kwa nguvu, ureta inakatika juu na chini na kutoka nje ikiwa imekivaa kifaa. Ajali hiyo ni nadra, lakini ikitokea figo iko hatarini. Ndiyo maana kila sentimita chache napanda, narudi nyuma kidogo, kisha napanda tena. Kifaa kisiporudi kwa ulaini, safari imeishia hapo hata kama jiwe linaonekana. Kikinasa kabisa: funga maji, toa mkojo wote kibofuni, mwombe mtu wa ganzi alegeze misuli zaidi, subiri, kisha zungusha taratibu huku ukirudisha milimita kwa milimita. Kwa Ch 8/9,8 tahadhari hii ni ya kila mgonjwa ambaye hakuwekewa sonda JJ (mrija laini unaoachwa ndani ya ureta kutoka figo hadi kibofu) kabla. Kwa Ch 6/7,5 nimeona mlango ukikubali bila kutanuliwa kwa wagonjwa wengi, na hapo ndipo inaponipendeza zaidi.

Sasa maji. Mfereji wa kazi, tundu la ndani linalopitisha maji na vifaa, kwenye ile nene yangu ni Ch 5, kwenye nyembamba ni Ch 4. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini maji katika bomba hufuata nusu-kipenyo kwa kipeo cha nne: ukitoka Ch 5 kwenda Ch 4 unabaki na asilimia 41 hivi, na hapo mfereji ni mtupu. Ingiza fimbo ya mm 0,8 ya mashine ya hewa, ile inayovunja jiwe kwa kuligonga: nafasi ya maji inayobaki kwenye Ch 4 ni kama nusu ya ile ya Ch 5. Ingiza fimbo ya mm 1,0 kwenye Ch 4 na karibu huna maji. Tone la damu na vumbi la jiwe vinatosha kukufunika macho. Kwa hiyo kwenye nyembamba natumia fimbo ya mm 0,8 tu, au uzi wa leza ya holmiamu wa mikroni 272, ambao pamoja na ganda lake haufiki nusu milimita. Uzi wa mikroni 365 unapita pia, ila unalipa kwa maji.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawauhesabu. Ile nene inaleta maji mengi, lakini ikijaza ureta yote, maji hayana pa kutokea. Mfuko wa maji ukining'inia sm 80 juu ya figo na njia ya kurudi imezibwa, shinikizo ndani ya figo linapanda kuelekea hizo sm 80 za maji. Kuanzia sm 40 hivi, maji pamoja na bakteria waliomo yanaanza kurudi kwenye damu, na usiku mgonjwa anatetemeka kwa homa. Nyembamba inaacha nafasi pembeni, maji yanashuka kandokando ya shina, na picha inaweza kuwa safi kuliko ulivyotarajia. Mimi naanza na mfuko sm 60, napandisha ikibidi tu. Sindano ya ml 50 ya kusukuma kwa mkono iwe ya dharura: msaidizi mwenye kiganja chenye nguvu atalirudisha jiwe la ureta ya juu mpaka figoni, na huko kifaa nusu-ngumu hakilifuati. Maji yawe ya chumvi 0,9%, ya uvuguvugu. Na kama kipimo cha mkojo kinaonyesha maambukizi, usivunje jiwe siku hiyo. Weka JJ, tibu, mgonjwa arudi.

Kuingia kwenyewe ni kazi ya waya. Waya wa inchi 0,035 upande mpaka figoni, uthibitishwe kwa eksirei, ubaki hapo kama waya wa usalama mpaka mwisho. Waya wa pili unapita ndani ya mfereji na kuinua paa la mlango. Zungusha kifaa nusu duara ili mkato wa ncha uteleze chini yake. Ukishaingia, toa waya wa pili maana unakula maji. Kibofu kisijae, kwani kikijaa kinabana ureta ukutani.

Mlango ukikataa, usishindane nao. JJ ya Ch 6, wiki moja hadi mbili, na ureta italegea yenyewe kiasi cha kupokea hata ile nene. Mgonjwa analipa mara mbili, kweli, na huko ndiko familia zinapolalamika; waelezwe kabla ya ganzi, si baada yake.

Mashine ya hewa ni rahisi na haisumbuliwi sana na umeme wetu, lakini inagonga jiwe na kulisukuma juu. Kwa jiwe la ureta ya chini ni sawa. Kwa la juu, pita na kikapu (wavu mdogo wa waya wa kukamatia jiwe) nyuma yake kwanza, au tumia leza kama umeme ni wa kuaminika. Kikapu kisivute kipande kinachozidi upana wa shina. Vunja tena, vumbi la chini ya mm 2 acha litoke lenyewe.

Kasoro za nyembamba ni mbili. Kwa mwanaume, ukipanda juu ya msuli wa psoasi (msuli mkubwa kando ya uti wa mgongo), inapinda, na nyuzi za picha zikivunjika unapata vidoti vyeusi visivyofutika. Ya pili ni usafi: mfereji wa Ch 4 unaziba damu ikikauka, kwa hiyo msukumo wa maji kwa sindano ufanyike mezani hapohapo, kabla kifaa hakijaenda kuoshwa. Ile nene inavumilia mikono mizito. Naiweka kwa mawe ya ureta ya chini ya wanawake na kwa waliokwisha kuwekewa JJ.

Ukiagiza, iwe kupitia Kasumbalesa au kwa ndege, mwulize muuzaji kwa maandishi: kipenyo cha shina, si cha ncha tu, upana wa mfereji, urefu (sm 43 ndio unaotosha wanaume, wa sm 31 hadi 34 haufiki juu), kama inakubali mvuke wa nyuzi 134 au dawa ya kulowekea tu, na brashi inayopita kwenye mfereji huo, pamoja na vali za mpira za akiba. Brashi ya Ch 5 haiingii kwenye Ch 4.